Mtoto wa Namba Isiyotoka

Kura ni njia ya zamani ya kugawa kitu kisichowatosha watu wote. Wachezaji wakitaka kujua nani aanze, hurusha sarafu juu. Warithi wakishindwa kupatana juu ya kipande cha shamba, wazee huweza kuwapigia kura. Kura haina ndugu wala adui, na kwa sababu hiyo watu huikubali hata inapowanyima. Walakini kuna vitu ambavyo, msomaji, ukiona vinapigiwa kura, yakupasa usimame kwanza uulize ni kwa nini havikutosha. Mama mwenye watoto watano na sahani moja ya ugali hawapigii kura ili apatikane mmoja wa kula. Huigawa sahani ile, na kukicha hutoka kwenda kutafuta unga. Je, elimu ni kitu cha namna gani? Ni kama sarafu ya wachezaji, au ni kama ugali wa watoto?

Swali hilo lilinijia nilipoitazama kwa mara ya pili sinema ya Kimarekani iitwayo Waiting for "Superman", nami katika kurasa hizi nataka tuihakiki pamoja. Ilitolewa mwaka 2010 na mwongozaji Davis Guggenheim, ambaye alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa sinema yake ya mwaka 2006 juu ya kuongezeka kwa joto la dunia. Sinema hii si hadithi ya kubuni. Huonyesha watu halisi na mambo yaliyotukia. Superman ni shujaa wa vitabu vya picha, mtu arukaye angani na kuwaokoa walio taabuni. Jina la sinema latokana na masimulizi ya Geoffrey Canada, kiongozi wa shirika la kuwasaidia watoto wa Harlem, katika mji wa New York. Yeye husimulia kwamba alipokuwa mtoto katika umaskini, mama yake alimwambia kuwa Superman hayuko. Mtoto akalia. Hakulia kwa sababu hadithi imeharibika, bali kwa sababu alitambua siku ile kwamba hakuna mwenye nguvu ajaye kuwaokoa.

Kabla ya kuihukumu sinema, yafaa tuelewe jambo inalolitetea. Huko Marekani mtoto aghalabu huingia shule ya umma iliyo katika eneo la makao yake, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majumba na ardhi ya mahali hapo. Basi mara nyingi mtaa wa wenye mali huwa na shule iliyostawi, na mtaa wa maskini huwa na shule iliyodhoofika. Mwaka 1991 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kwanza ya kuruhusu shule za namna mpya, na ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1992. Katika insha hii nitaziita shule za mkataba. Shule hizi hulipiwa kwa kodi ya wananchi wala hazitozi karo, lakini kwa kawaida haziendeshwi na halmashauri ya elimu ya mji. Huendeshwa na kikundi cha watu, au shirika, au pengine kampuni, baada ya kupewa mkataba wa miaka kadhaa. Mkataba husema: mtakuwa na uhuru wa kuajiri walimu, kupanga saa za masomo na kuchagua njia ya kufundisha, lakini wanafunzi wenu wasipoendelea vema, shule yaweza kufungwa. Mzazi yeyote aweza kuomba nafasi. Waombaji wakizidi viti, hupigwa kura.

Sinema huwafuata watoto watano, wengi wao wa nyumba zenye dhiki. Mmoja analelewa na nyanya yake. Mwingine, mtoto mdogo kabisa, ananyimwa kuhudhuria sherehe ya kumaliza mwaka katika shule ya kulipia kwa sababu mama yake ana deni la karo. Wazazi hawa wote wanaitafutia mioyo yao utulivu. Wanapiga simu, wanajaza fomu, wanatembelea shule, wanahesabu nafasi. Mwishoni sinema hutuketisha pamoja nao katika kumbi zilizojaa watu. Vipira vyenye namba vinazungushwa katika tundu, kimoja kinatolewa, namba inasomwa kwa sauti. Nyuso zinachanua hapa na kunyauka pale. Mama anashika kikaratasi chake kana kwamba akikibana zaidi namba itabadilika. Katika watoto watano hao, mmoja namba yake hutoka, na mwingine huitwa baadaye kutoka katika orodha ya wanaongoja. Watatu hurudi nyumbani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sinema hii imetengenezwa kwa ustadi, nayo imetenda wema mmoja mkubwa: imewaonyesha watu wenye raha kwamba mzazi maskini hapuuzi elimu ya mwanawe. Kuna watu, huko na huku kwetu pia, wasemao kwamba watoto wa mitaa ya chini hawasomi kwa sababu wazee wao hawajali. Atazamaye mikono ya mama yule na kikaratasi chake hawezi tena kusema hivyo bila kuona haya. Kadhalika sinema husema kweli inaposema kwamba zipo shule za umma ambazo kwa miaka mingi zimewatoa vijana wasioweza kusoma barua, na kwamba mtoto hana miaka mingine ya kungojea wakubwa wamalize mikutano yao. Mtoto wa miaka saba huwa wa miaka saba mara moja tu.

Jumamosi moja niliwaonyesha wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu sinema hiyo. Ilipokwisha, darasa lilikuwa kimya, na wengine walikuwa wakifuta macho. Nikawauliza wamejifunza nini. Wakasema mambo mema juu ya bidii, juu ya bahati, na juu ya upendo wa wazazi. Ndipo msichana mmoja, akaaye nyuma na kusema mara chache, akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hao watatu Jumatatu waliingia shule gani?"

Nilikaa nikifikiri, nikagundua kwamba sinema haikutujibu. Ilitufikisha mlangoni mwa ukumbi pamoja na watoto walioshindwa, ikatuacha hapo tukilia. Haikutupeleka katika darasa walilorudi. Tangu siku ile nimeitazama sinema nzima kwa jicho la msichana huyo, na makosa nitakayoyataja hapa yote yanatokana na swali lake moja.

Kosa la kwanza ni la ushahidi. Sinema imepangwa hivi kwamba mtazamaji aamini kuwa mlango wa shule ya mkataba ni mlango wa wokovu, na mlango wa shule ya umma ni mlango wa maangamizi. Lakini katikati ya maelezo mnapita sentensi moja fupi, ikienda mbio kama gari lisilotaka kusimamishwa, isemayo kwamba ni shule moja tu katika kila tano za mkataba inayofanya vizuri sana. Sentensi hiyo ilistahili kusimamishwa. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi wa shule za mkataba katika majimbo 15 na mji wa Washington. Waligundua kwamba katika somo la hesabu asilimia 17 ya shule hizo ziliwaendeleza wanafunzi kuliko shule za umma ambazo wangekwenda. Asilimia 46 hazikuwa na tofauti. Na asilimia 37 ziliwarudisha nyuma. Maana yake ni kwamba kwa kila shule moja iliyowazidi jirani zake, zilikuwapo mbili zilizozidiwa. Mtoto angeweza kushinda kura, akashangilia, kisha akaingia mahali pabaya kuliko pale alipotoka.

Lakini mhakiki asiwe kama shahidi atajaye nusu ya aliyoyaona. Wachunguzi wale wale walirudia kazi yao, na mwaka 2023 wakasema kwamba sasa wanafunzi wa shule za mkataba, kwa wastani, walikuwa wamewatangulia wenzao kwa kiasi kilicho sawa na siku 16 za masomo ya kusoma na siku 6 za hesabu katika mwaka. Hayo ni maendeleo, ingawa si muujiza. Na katika mji wa Boston wataalamu wa uchumi walitumia kura zenyewe kama mizani. Waliwalinganisha watoto walioshinda na walioshindwa, kwa kuwa wote walikuwa na wazazi waliojaza fomu, na lililowatenga lilikuwa bahati peke yake. Wakaona walioshinda waliendelea sana, hasa katika hesabu. Basi asikudanganye mtu kwamba shule hizi zote ni hadaa. Nyingine ni njema kweli kweli, na mzazi azitafutaye si mjinga.

Kosa la pili la sinema ni namna inavyomwonyesha mwalimu. Pana mahali ambapo kwa picha za kuchora mwalimu anafungua vichwa vya wanafunzi na kuvimiminia elimu, kama mtu ajazaye maji katika mitungi. Kisha sheria na wakuu wanamzuia, elimu inamwagika chini. Picha hiyo inachekesha, lakini mimi niliyefunzwa ualimu chuoni sikucheka sana. Kichwa cha mtoto si mtungi. Mwanafunzi aliyelala njaa, au aliyekesha akimwuguza mdogo wake, hamwagiwi kitu kikakaa. Sinema ikiisha kuamini kwamba kufundisha ni kumimina, basi ni rahisi kuamini pia kwamba taabu yote yatokana na wamiminaji wabaya, na kwamba chama cha walimu kinachowalinda ndicho adui. Ni kweli kwamba wapo walimu wavivu, na ni kweli kwamba katika miji mingine ya Marekani kumwondoa mmoja wao kulikuwa kazi ya miaka. Sinema haikukosea kuyasema hayo. Ilikosea kuyafanya kuwa ndiyo yote.

Tena kuna jambo la kustaajabisha katika historia. Mmoja wa watu wa kwanza kulitangaza wazo la shule za mkataba alikuwa Albert Shanker, naye alikuwa rais wa chama cha walimu cha Marekani. Katika hotuba yake ya mwaka 1988 alipendekeza kwamba kikundi cha walimu kiruhusiwe kuanzisha shule ndogo ndani ya shule za umma, wajaribu njia mpya kwa watoto ambao njia za kawaida zimewashinda, na lile litakalofaa lirudishwe kwa wote. Itazame vema nia hiyo. Shule mpya ilikuwa iwe kama kitalu cha miche: miche ikisha kukua, hupandwa katika shamba zima. Miaka michache baadaye Shanker mwenyewe alianza kulipinga wazo alilolilea, alipoona kwamba kitalu kinataka kugombana na shamba.

Na hapo ndipo lilipo kosa la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote mawili. Sinema haipigi hesabu. Chukua kalamu, msomaji, tuipige sisi. Tuseme pana shule ya umma yenye wanafunzi 600 katika madarasa 15, kila darasa wanafunzi 40. Shule ya mkataba inafunguliwa ng'ambo ya barabara, na wanafunzi 60 wanahama. Kwa kuwa fedha humfuata mwanafunzi, sehemu moja katika kumi ya fedha inahama nao. Je, gharama nazo zimepungua kwa sehemu moja katika kumi? Watoto wale hawakutoka katika darasa moja. Wametoka wanne wanne katika kila darasa. Yamebaki madarasa 15 yenye watoto 36. Huwezi kumwondoa sehemu ya kumi ya mwalimu. Paa linalovuja linavuja vile vile, mlinzi wa usiku analinda lango lile lile, na mwalimu mkuu ni mmoja kama jana. Basi fedha iliyopungua itatolewa wapi? Itatolewa katika vitabu, katika maktaba, katika muuguzi wa shule, katika mwalimu wa muziki. Yaani italipwa na wale 540 ambao hawakwenda popote.

Hesabu hiyo nimeibuni mimi ili tuelewane, lakini jambo lenyewe si la kubuni. Mwaka 2018 mchunguzi Gordon Lafer aliipima halmashauri ya shule ya mji wa Oakland, katika jimbo la California, akakadiria kwamba shule za mkataba zilikuwa zikiigharimu yapata dola milioni 57 kila mwaka. Watetezi wa shule hizo hubisha, wakisema fedha ni ya mtoto wala si ya jengo, na kwamba halmashauri ina wajibu wa kupunguza matumizi watoto wanapopungua. Neno lao lina uzito. Walakini matumizi hayapungui kwa siku moja, na mtoto aliyebaki huishi katika siku hizo.

Wala wanaohama na wanaobaki si sawa. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilieleza mwaka 2012 kwamba katika mwaka wa masomo wa 2009 hadi 2010, watoto wenye ulemavu walikuwa kiasi cha asilimia 8 ya wanafunzi wa shule za mkataba, na kiasi cha asilimia 11 katika shule za umma za kawaida. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini mtoto mwenye ulemavu huhitaji mwalimu wa ziada, vyombo na wakati. Mzigo unazidi kwa yule ambaye mfuko wake unapungua. Shule ya umma haina mlango wa kufunga. Kila ajaye, wakati wowote wa mwaka, huingia.

Hata katika Harlem ya Geoffrey Canada, ambaye sinema yamsifu na anastahili sifa nyingi, jambo hili limeonekana. Shirika lake halikuishia kufungua shule. Lilianzisha mafunzo kwa wazazi wenye watoto wachanga, likawapa watu huduma za afya na msaada wa namna nyingi, kwa fedha nyingi za wafadhili. Mtu huyo alijua vema kuliko sinema yake kwamba kichwa si mtungi. Lakini mwaka 2007 shule yake ilipoona wanafunzi wa kundi lake la kwanza hawakufikia alama zilizotarajiwa, iliamua kutowaendeleza katika masomo ya sekondari. Wale wa darasa la nane wakaambiwa watafute shule mahali pengine. Sitaki kumlaumu kwa ukali mtu aliyejitoa hivyo kwa watoto wa wenzake. Nauliza tu swali la mwanafunzi wangu: Jumatatu waliingia shule gani? Hapana shaka wengi wao waliipata shule ile isiyo na ruhusa ya kusema hapana.

Sasa tumsikilize mpinzani wetu mwenye nguvu kuliko wote. Mtaalamu wa uchumi Milton Friedman aliandika mwaka 1955 kwamba serikali ilipie elimu, lakini isilazimike kuendesha shule. Mzazi apewe fedha, achague mwenyewe, na shule zishindane. Hoja hiyo ingeweza kutiwa katika methali yetu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule nzuri itajaa, mbaya itafungwa, na kila mtu atafaidi. Nguvu ya hoja hii ni kwamba humheshimu mzazi. Udhaifu wake ni kwamba shule si duka la viatu. Duka likifungwa, mnunuzi huvuka barabara akanunua kwingine jioni ile ile. Shule ikidhoofika polepole kwa miaka mitano kabla ya kufungwa, miaka mitano ya mtoto imekwisha, wala hakuna arudishaye. Tena duka lenye wateja wengi hufungua tawi jingine, ilhali shule yenye waombaji wengi hupiga kura. Kura yenyewe ni ushuhuda kwamba mzazi hakuchagua. Aliomba, na kipira ndicho kilichochagua.

Watu wa Massachusetts, jimbo la mji wa Boston ambako shule hizi zimefanya vizuri, waliulizwa Novemba 2016 kama zinafaa kuongezwa kupita kikomo kilichowekwa na sheria. Zaidi ya wapiga kura sita katika kila kumi walisema hapana. Je, walichukia shule njema? La. Wengi walihofu juu ya fedha za shule zitakazobaki, na juu ya watoto watakaobaki ndani yake.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Wazo hili lilivuka bahari likafika Afrika. Mwaka 2016 serikali ya Liberia ilikabidhi shule zake 93 za msingi kwa waendeshaji wa nje, na mmoja wao alikuwa kampuni iliyofungua shule yake ya kwanza jijini Nairobi mwaka 2009. Wachunguzi wakaenda kupima. Baada ya mwaka mmoja wakakuta kwamba kwa jumla watoto katika shule hizo walijifunza zaidi ya wenzao. Hilo ni jema na lisifiche mtu. Lakini wakakuta pia kwamba mwendeshaji mmoja alipunguza idadi ya watoto darasani kwa kuwaondoa waliozidi, na kuwaondoa walimu wengi alioona hawafai. Darasa lililobaki liling'aa, na sifa ikaenea. Waliotolewa hawakuwamo katika darasa hilo tena ili mtu awaone.

Hapa kwetu Kenya shule za mkataba kama za Marekani hazipo, walakini kuchagua kupo. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za umma. Ilikuwa furaha kubwa. Madarasa yakafurika, na wazazi wengi wenye uwezo, hata wenye uwezo mdogo, wakawahamishia watoto wao katika shule za kulipia. Nami sina budi kusema kweli, kwa maana si haki kumhakiki mwingine huku nikijificha. Mimi ni mwalimu wa shule ya umma, na mtoto wangu wa kwanza, mwenye miaka saba, nampeleka shule ya kulipia. Shule ya umma iliyo karibu nasi ina watoto zaidi ya themanini katika darasa la umri wake. Kila asubuhi tunapita mbele ya lango lake, mtoto wangu akiwapungia mkono rafiki zake wa jirani.

Kwa muda mrefu nilidhani nilipomwondoa mtoto nilipunguza msongamano tu, na kwa hiyo nimewafaa waliobaki. Siku hizi nafahamu kwamba nilimwondoa pia mzazi. Shule ile ilimpoteza mtu ajuaye kuandika barua kwa afisa wa elimu, awezaye kusimama katika mkutano na kuuliza fedha za madawati zilikwenda wapi. Waangalie tena akina mama wa sinema ile: wapigao simu, wajazao fomu, wasiochoka. Hao ndio hasa wazazi ambao shule dhaifu inawahitaji ipate kupona, nao ndio wa kwanza kuondoka. Siwalaumu, kama nisivyoweza kujilaumu kwa kumpenda mtoto wangu. Lakini pendo la mzazi mmoja mmoja, likikusanywa, laweza kuwa hasara ya wote. Na hiyo ndiyo kazi ya serikali, kufanya jambo ambalo mzazi peke yake hawezi kulifanya.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Hawakukataza mtu kutaka jembe zuri. Walionya kwamba mwenye kushinda sokoni akigeuza majembe, shamba lake hubaki na magugu. Taifa linaloshughulika na kuchagua shule tu, na kuacha kuzijenga shule, laweza kupatwa na jambo hilo. Nia ya kwanza ya Shanker, kwamba jema likigunduliwa mahali pamoja lirudishwe kwa wote, ndiyo iliyokuwa nia ya mkulima.

Basi hukumu yangu juu ya sinema hii ni hii. Ni kazi nzuri ya kuamsha huruma, na kazi dhaifu ya kuongoza fikira. Inakulilisha kwa ajili ya mtoto aliyenyimwa kiti, nawe ukitoka unataka viti viongezwe katika ule ukumbi mmoja. Ingekuwa kazi kubwa zaidi kama ingemfuata mtoto yule hadi nyumbani, ikalala naye, na Jumatatu ikaingia naye darasani. Ikamwonyesha mwalimu aliyemo, idadi ya vitabu, hali ya paa, na majina ya walioondoka. Hapo mtazamaji angelia na kupiga hesabu kwa wakati mmoja.

Nawe utakutana na kazi nyingi za namna hii katika maisha yako, nyingine za sinema, nyingine za magazeti, nyingine za wanasiasa majukwaani. Watakuonyesha mshindi akibebwa juu juu. Mfurahie mshindi, maana hakumkosea mtu. Kisha geuka utazame upande ambao picha haikuelekezwa, umtafute mtoto ambaye namba yake haikutoka. Shule atakayoingia yeye Jumatatu ndiyo kipimo cha elimu ya nchi. Mama wa sahani moja alilijua hilo bila kufundishwa: aliwagawia watoto wote watano, na alfajiri akaondoka kwenda kutafuta unga.